Radiamu ilitoka kwetu, daftari likabaki kwao: historia kwa anayetaka kusomea patholojia ya kidijitali



Kila msimu wa kuomba bursa unapofika, swali moja linarudi kati ya vijana wetu waliomaliza tiba, biolojia au informatiki. Wameona kwamba siku hizi kuna masomo ya masta yanayofundisha jinsi ya kupiga picha vipande vya nyama ya mgonjwa, kuviweka kwenye kompyuta na kutafuta kansa humo. Wanavutiwa. Halafu mkubwa mmoja wa familia anauliza: "Mutu wa Likasi atafanya nini na ile? Moto wenyewe unakatika kila siku, utaweka hizo mashine wapi?"

Mkubwa hajauliza vibaya, lakini swali lake linatuonyesha kama watu wa mbali, kana kwamba mambo ya kansa na teknolojia yake ni ya Ulaya na sisi tunataka kuyaingilia juzi tu. Historia inasema vingine. Mji wetu uliingia katika historia ya kansa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ulipokuwa bado kambi ya migodi. Tulichokosa ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukifuata historia ya ugonjwa huu katika eneo letu, tangu Shinkolobwe mpaka Kampala, Kinshasa na Butaro, utaona jambo hilo moja likijirudia: faida hubaki kwa yule anayesoma kipande na kutunza kumbukumbu zake. Hapo ndipo penye sababu ya kusoma haya masomo, na hapo ndipo penye hatari yake.

JIWE LA SHINKOLOBWE

Mwaka 1915 mtafutaji madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aliyekuwa akifanya kazi kwa Union Minière du Haut-Katanga, aliona mawe ya rangi kali kwenye kilima cha Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka Likasi ya leo. Yalikuwa mawe ya urani. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyojificha ndani yake, ile ambayo Marie na Pierre Curie walikuwa wameigundua Paris mwaka 1898 na ambayo madaktari walikwisha kuona kwamba mionzi yake inaunguza uvimbe wa kansa.

Radiamu ni kidogo mno. Ili kupata gramu 1 tu inabidi kusafisha madini yenye takribani tani 3 za urani. Ndiyo sababu bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga kama dola 100,000 kumnunulia Marie Curie gramu 1. Radiamu ya siku zile ilitoka zaidi katika madini ya Marekani yenyewe, yaliyokuwa maskini sana ukilinganisha na ya kwetu. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu yote yaliyojulikana duniani. Mwaka 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kilianza kutoa radiamu kutoka mawe ya Katanga, na muda mfupi baadaye migodi ya radiamu ya Marekani ikafungwa kwa kushindwa bei. Mwaka 1929 Marie Curie alipopewa pesa za gramu nyingine, kwa ajili ya taasisi ya Warsaw, dola 50,000 zilitosha, na radiamu hiyo ikanunuliwa Ubelgiji.

Sasa tusimame hapa kidogo. Kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka Kanada ilipoanza kushindana katika miaka ya 1930, Ubelgiji ndiyo iliyotawala soko la radiamu duniani. Mwanamke wa Ulaya aliyetibiwa kansa ya shingo ya kizazi kwa mirija midogo ya radiamu katika miaka ile alikuwa na nafasi kubwa ya kutibiwa kwa kitu kilichochimbwa hapa jirani, na wafanyakazi waliochagua mawe kwa mikono. Mama yake mchimbaji, akiwa na ugonjwa uleule Panda au Kikula, hakuwa na nafasi hiyo. Hata jina la ugonjwa wake huenda halikuandikwa popote.

Baadaye ikaja kobalti. Mwezi wa 10 mwaka 1951, huko Kanada, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya kobalti-60, iliyochukua nafasi ya radiamu katika hospitali nyingi duniani. Kobalti-60 hutengenezwa kwa kuiweka kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia. Katika miaka hiyo mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Congo, na sisi bana-Likasi hatuhitaji kuelezwa Shituru ni nini. Mara mbili, basi, ardhi ya Katanga ilikuwa karibu kabisa na tiba ya kansa. Na mara zote mbili elimu ya kutumia kile kilichotoka ilijengwa mbali. Habari ya urani iliyokwenda Marekani mwaka 1940 na kuishia kwenye bomu mnaijua. Ile ya radiamu na hospitali inasimuliwa mara chache.

KUTIBU NI KITU KIMOJA, KUTAJA UGONJWA NI KINGINE

Hakuna mashine ya mionzi inayofaa kitu kabla mtu hajasema: huu ni ugonjwa gani. Huyo anayesema ndiye mtaalamu wa patholojia. Wagonjwa wengi hawamuoni kamwe, lakini neno lake ndilo linaloamua kama titi litakatwa, kama mtoto ataanza dawa kali, au kama mzee atarudi nyumbani akiambiwa uvimbe wake hauna neno.

Kazi yake ina hatua ambazo hazijabadilika sana tangu karne ya 19, enzi ya Rudolf Virchow, Mjerumani aliyefundisha mwaka 1858 kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli. Daktari anakata kipande cha uvimbe. Kipande kinatiwa kwenye fomalini kisioze. Kinakaushwa maji na kugandishwa ndani ya nta ya parafini, kinakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa. Fundi wa labo anakikata kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4, vyepesi kuliko karatasi ya sigara. Vinalazwa juu ya kioo, vinatiwa rangi mbili, ya zambarau kwa viini vya seli na ya waridi kwa sehemu nyingine. Ndipo mtaalamu anaangalia kwa hadubini.

Nawaomba mshike hatua hizi akilini, maana nitazirudia. Kila hatua inafanywa na mikono ya mtu. Fomalini ikiwa mbaya, kipande kinaoza. Wembe ukiwa butu, kipande kinachanika. Hakuna kompyuta inayorekebisha kipande kilichooza.

Katika Congo kazi hii ilikuwapo kabla ya uhuru. Mwaka 1957 Thijs alichapisha Ubelgiji maelezo ya kansa 2,536 za Waafrika wa Congo na Ruanda-Urundi zilizosomwa katika labo. Fikirini: watu 2,536 ambao kila mmoja alikatwa kipande, kipande kikatiwa nta, kioo kikasomwa, jina la ugonjwa likaandikwa. Hilo lilikuwa daftari. Ila lugha yake, jarida lake na wasomaji wake vilikuwa vya mbali.

KAMPALA: UVIMBE WA TAYA

Mfano mzuri zaidi wa nguvu ya daftari katika kanda yetu uko Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si muda akaona mtoto mwingine wa namna hiyo mahali pengine. Mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo wa taya kwa watoto wa Afrika.

Watu wengi wanaijua sehemu hiyo. Wanaosahauliwa ni wale wa labo. Mulago na Makerere walikuwa na desturi ya kusoma vipande na kutunza rekodi, na rejista ya kansa ya Kampala ilianza katika miaka ya 1950. Mtaalamu wa patholojia Jack Davies na mwenzake Gregory O'Conor walipofungua kumbukumbu hizo waliona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe mwingine wa tumboni kwa watoto, uliokuwa umepewa majina tofautitofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja, kansa ya seli za limfu. Bila vioo vya zamani na daftari lake, Burkitt angebaki na picha za watoto wenye huzuni tu.

Mwaka 1961 Burkitt alifunga safari kwa gari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kama maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali mpaka kusini mwa Afrika: mmewahi kuona uvimbe huu? Wakachora ramani ya ugonjwa. Williams huyo na ndugu yake Peter walifanya kazi Kuluva, hospitali ndogo ya vijijini upande wa West Nile, karibu na mpaka wetu wa Congo. Waliandika kila mgonjwa kwa uangalifu hata daftari lao la hospitali ya kijijini likaja kutumiwa na watafiti kuchunguza jinsi ugonjwa ulivyojitokeza mahali na wakati. Hospitali ya kijiji, kalamu na karatasi. Hakuna aliyesubiri kompyuta.

Lakini sehemu ya pili ya habari ilifanyika London. Mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akashuku kwamba kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwezi wa 12 mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikashukia Manchester. Kipande kilipofika London, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoharibika. Badala ya kuyamwaga, Epstein akayaangalia kwa hadubini, akakuta seli hai zinaelea peke yake. Zikaoteshwa. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Mtoto alikuwa wa Uganda. Kipande kilikuwa cha Uganda. Hadubini ya elektroni ilikuwa London, na virusi vikachukua majina ya waliokuwa na hadubini. Sisemi kwamba waliiba. Walifanya kazi kubwa na watoto wengi duniani wamefaidika. Nasema tu kwamba jina hutolewa na yule mwenye uwezo wa kuona.

MASANDUKU YA KINSHASA

Sasa turudi Congo, kwa habari ambayo kila mwanafunzi wa tiba wa nchi hii angepaswa kuijua.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wenyewe, mwanamke mmoja alikatwa kipande cha tezi ya limfu Léopoldville. Kipande kikagandishwa kwenye nta kama desturi. Nchi ikapita katika mambo yote tunayoyajua: Katanga kujitenga, vita, Zaire, vyuo kuunganishwa na kutenganishwa, uporaji wa miaka ya 1990, vita tena. Kile kipande cha nta kikabaki katika idara ya patholojia ya Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Mwezi wa 10 mwaka 2008 jarida la Nature likachapisha utafiti ulioongozwa na Michael Worobey wa Arizona, na kati ya waandishi wake alikuwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe wetu. Ndani ya kipande kile cha nta walikuwa wamekuta mabaki ya virusi vya UKIMWI. Walipovilinganisha na virusi vya mwaka 1959 kutoka mji huohuo, waliona tofauti kubwa kati yao, tofauti isiyoweza kutokea kwa miaka michache. Hesabu yao ikaonyesha kwamba virusi hivyo vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20.

Ni nani aliyeifanya kazi hiyo iwezekane? Mwanasayansi mwenye mashine, ndiyo. Lakini kwanza ni fundi wa labo wa mwaka 1960 aliyefanya kazi yake sawasawa, na baada yake wote waliotunza yale masanduku kwa karibu miaka 50 bila kuyatupa, wakati hata mshahara haukuja. Kipande cha nta kilichotunzwa vizuri kinasubiri maswali ambayo bado hayajazaliwa. Mwaka 1960 UKIMWI haukuwa na jina.

KIOO KINAPOGEUKA PICHA

Kwa muda mrefu tatizo la patholojia lilikuwa kusafiri: ama kioo kisafiri, ama mtaalamu. Wazo la kusafirisha picha peke yake ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1968, huko Boston, picha za hadubini zilirushwa kwa televisheni, nyeusi na nyeupe, kutoka kituo cha afya cha uwanja wa ndege hadi hospitali kuu. Mwaka 1986 Ronald Weinstein aliupa utaalamu huu jina la telepatholojia, na mtu akaweza kuendesha hadubini akiwa mji mwingine. Norway, yenye visiwa na theluji, ilianza kuitumia kwa kazi ya kweli karibu mwaka 1990: mgonjwa yuko mezani Kirkenes, anayesoma kipande yuko Tromsø.

Hatua iliyofuata ni skana ya kioo kizima. Badala ya kupiga picha ya sehemu moja, mashine inapita juu ya kioo chote na kuunganisha picha ndogondogo mpaka ziwe moja kubwa. Tupige hesabu pamoja. Kipande cha milimita 15 kwa 15, kikipigwa kwa nukta moja kila robo ya mikroni, kinatoa nukta 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Bila kubanwa, ni zaidi ya gigabaiti 10. Ikibanwa inaweza kufika gigabaiti 1 hivi. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, kutuma kioo kimoja kunachukua karibu nusu saa. Na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vioo kumi. Mkubwa wa familia aliyeuliza habari ya moto alikuwa na sababu yake.

Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza mashine ya aina hii itumike kutoa jibu la ugonjwa bila kurudi kwenye hadubini. Mwaka 2021 ikaruhusu programu ya akili bandia kumsaidia mtaalamu anayesoma vipande vya tezi dume. Mambo ni mapya hivyo. Anayeanza kusoma leo hajachelewa.

LILONGWE NA BUTARO

Afrika yetu haikungoja. Katikati ya mwaka 2011 labo ya patholojia ilianzishwa katika hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe, Malawi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha North Carolina. Vipande vilikatwa na kusomwa palepale, na kila wiki wataalamu wa Malawi na wa Marekani walikaa mbele ya kompyuta kujadili wagonjwa wagumu, wakitazama kioo kilekile. Waganga wanaotibu nao walihudhuria, na uamuzi wa matibabu ukatolewa papo hapo.

Jirani zaidi ni Rwanda. Mwezi wa 7 mwaka 2012 kituo cha kansa kilifunguliwa Butaro, wilaya ya Burera, mashambani kabisa. Walikwenda hatua kwa hatua. Kwanza vipande vilisafirishwa hadi Boston kusomwa. Halafu mafundi wa Butaro wakafundishwa kukata na kutia rangi wenyewe. Halafu picha zikaanza kutumwa badala ya vipande. Mpangilio huo ndio wa kuutazama: wembe na nta vilitangulia picha. Kama wangeanza na skana, wangekuwa na mashine ghali ya kupiga picha vioo vibaya.

Weka hapo mgonjwa wa kwetu. Mama amekatwa kipande cha titi Likasi, kipande kinapelekwa Lubumbashi, kilomita kama 120. Barabara ipo, gari lipo, lakini kinachomuumiza ni kusubiri: kipande kingoje gari, kingoje fomalini, kingoje msomaji mwenye foleni ya vipande vingine. Teknolojia ya picha inaweza kupunguza sehemu moja ya kusubiri huko, ile ya msomaji. Zile nyingine zinahitaji mafundi, na fundi wa labo hafundishwi kwa intaneti peke yake.

MASHINE INAJUA ILICHOONYESHWA

Hapa ndipo historia ya radiamu inarudi kwa sura mpya.

Akili bandia ya patholojia inafundishwa kwa kuonyeshwa vioo vingi vilivyokwisha kusomwa na wataalamu. Shindano moja maarufu, CAMELYON16, lililochapishwa mwaka 2017, lilitumia karibu vioo 400 vya tezi za limfu za wanawake wenye kansa ya titi, vyote kutoka hospitali mbili za Uholanzi. Programu bora zilifanya vizuri sana. Lakini zilijifunza rangi za labo za Kiholanzi, wembe wa Kiholanzi na magonjwa ya wanawake wa Uholanzi. Ukiiletea programu kama hiyo kioo kilichotiwa rangi hapa, siku ya joto, kwa fomalini iliyobaki, inaweza kuyumba. Na magonjwa yetu yana sura yake: uvimbe wa Burkitt kwa watoto, Kaposi, kansa ya shingo ya kizazi iliyochelewa kufika hospitalini, kansa ya kibofu inayofuata kichocho. Programu ambayo haijaonyeshwa mambo haya haiwezi kuyajua kwa kukisia.

Kwa hiyo vioo vyetu vina thamani, na wenye programu wanalijua hilo. Siku moja mtu atakuja na skana ya bure. Atasema: mtupe picha za kumbukumbu zenu, sisi tutawatengenezea programu. Inaweza kuwa jambo jema kabisa. Inaweza pia kuwa Shinkolobwe ya pili: mawe yanachaguliwa hapa, yanasafishwa Olen, na dawa inauzwa kwa bei ambayo mama wa Kikula haiwezi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili itategemea kama siku hiyo, upande wetu wa meza, atakuwapo mtu anayejua picha moja ina thamani gani, nani ameruhusu itumike, itatunzwa wapi, na programu ikimalizika itarudi kwa masharti gani.

Mtu huyo ndiye anayepaswa kwenda kusoma hii masta.

BASI, USOMEE NINI?

Masomo yenyewe huwa yanachanganya mambo manne: patholojia ya kansa, uchambuzi wa picha, ufundishaji wa mashine, na sheria na maadili ya takwimu za wagonjwa. Vijana wengi hukimbilia lile la tatu kwa sababu ndilo lenye sifa. Historia niliyoisimulia inanifanya niseme hivi.

Kama wewe ni wa informatiki, kabla ya kuomba bursa omba ruhusa ukae wiki chache kwenye labo ya patholojia. Ona wembe ukikata. Ona kipande kikikunjika na fundi akikinyoosha juu ya maji ya uvuguvugu. Bila hivyo utaandika programu ya kuondoa makunyanzi kwenye picha, wakati kilichohitajika ni wembe mpya.

Kama wewe ni wa tiba, usidharau namba. Takwimu, lugha moja ya programu, na desturi ya kuandika kila kitu katika jedwali safi. Ndugu wawili wa Kuluva walifanya hivyo kwa kalamu.

Kwa kazi yako ya mwisho wa masomo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hauhitaji skana. Chukua daftari la vipande la hospitali moja, kwa ruhusa na bila kutoa majina ya wagonjwa, uhesabu: vipande vingapi kwa mwaka, siku ngapi toka kukatwa hadi jibu, vingapi vilirudi bila jibu kwa sababu vilioza. Ukimaliza utakuwa na karatasi ambayo mkurugenzi yeyote anayetaka kununua mashine atalazimika kuisoma kwanza.

Na kuhusu moto unaokatika: bwawa la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na sababu yake ilikuwa viwanda vya hapa. Karibu miaka mia umeme wa Lufira umejua njia ya kwenda kiwandani. Kupigania waya mmoja usiokatika wa labo ya hospitali ni kazi ya raia, na msomi ni raia kwanza. Friji ya damu inauhitaji waya huohuo, na chumba cha kuzalia pia.

Mwisho, vile vipande vya nta. Mahali popote utakapofanya staji, ukikuta masanduku ya zamani yamerundikwa kwenye chumba cha vumbi na mtu anataka kuyatupa ili apate nafasi ya meza, mwambie asubiri. Uliza yana mwaka gani. Tafuta daftari linaloambatana nayo. Namba iliyo juu ya nta na namba iliyo kwenye daftari zikikutana, mnayo mali ambayo hakuna gari la mgodi linaloweza kuibeba bila nyinyi kujua.

Anayeulizwa na mkubwa wa familia "utafanya nini na ile?" anaweza kujibu kwa heshima: "Baba, ninakwenda kujifunza kushika daftari."